Chakula cha Wageni

Nyumbani kwetu panya hawakuitwa panya. Bibi yangu, mama yake baba, aliamini kwamba panya anasikia, tena anajua Kiswahili kuliko watu wengi waliokuwa wakihamia mjini siku zile. Ukitaja jina lake huku una shauri juu yake, mtego wako utabaki mtupu, naye atakuja kukutafunia nguo kwa kisasi. Kwa hiyo tuliwaita wageni. "Wageni wameingia kwenye unga." "Wageni wamekula sabuni." "Leo tuwawekee wageni chochote." Mpita njia akitusikia alidhani sisi ni watu wakarimu kupita kiasi.

Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu, na huko nilifundishwa kwamba panya masikio anayo ila lugha hana. Nililiandika hilo vizuri sana katika mtihani. Lakini mpaka leo, na mvi hizi, nikienda kununua mtego namwonyesha mwenye duka kwa kidole.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, zamani za Mwingereza, baada ya vita vya kwanza na kabla ya vile vya pili. Ilikuwa ya fito na udongo, paa la makuti lililotiwa viraka vya madebe, vyumba huku na huku, na ukumbi katikati ulionyooka mpaka uani. Soko lilikuwa karibu mno. Wachuuzi wakishafunga, chini kulibaki mchele uliomwagika, dagaa na ndizi zilizopondeka. Wageni wetu walikula huko kwanza, kisha wakaja kulala kwetu. Hata mchana walipita juu ya boriti bila haraka. "Wana adabu," baba alikuwa akisema. "Wakikuona wanakupisha."

Serikali iliogopa tauni, na mabwana afya walipita nyumba kwa nyumba. Bibi aliwapokea mlangoni kwa heshima zote. "Panya hapa hakuna, bwanangu. Kuna wageni tu." Bwana afya alichungulia ukumbini, akaona watoto wa shangazi zangu wamelala mkekani, akaenda zake.

Jirani yetu wa kulia, Mhindi mwuza nguo, dini yake ilimkataza kuua kiumbe. Aliwanasa wazima katika mtego wa waya uliofanana na tundu la ndege, na asubuhi akawabeba mpaka Mnazi Mmoja kuwafungulia uwanjani. Bibi alimtazama kutoka barazani. "Anawatembeza," alisema. "Watafika kabla yake." Nadhani walifika kweli, ila kwetu.

Bibi aliishi hivyo nao kwa miaka mingi, na pengine angeishi nao mpaka mwisho, kama wasingegusa kanzu. Ilikuwa kanzu ya babu, ambaye sikuwahi kumwona. Wakati wa vita vya Wazungu alichukuliwa kuwa mpagazi, akaondoka na mzigo kichwani kuelekea kusini, na hapo ndipo habari zake zilipokatika. Hakuna aliyerudi kusema amekufa, wala aliyerudi kusema amemwona. Kwa sababu hiyo bibi hakuwahi kukaa eda. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye. Wanaume waliompelekea posa aliwajibu kwamba ana mumewe, yuko safarini. Kanzu aliihifadhi sandukuni na vipande vya udi. Siku moja alilifungua akakuta wageni wamezalia ndani yake, na kifua chote cha kanzu kimekuwa nyuzinyuzi.

Alivaa baibui, akanishika mkono, tukaenda duka la kona kwa Mwarabu.

"Shikamoo, mama," Mwarabu alisema.

"Marahaba. Nataka ya wageni, ile kali."

Mwarabu aliijua lugha yake. Alishusha kutoka rafuni kikaratasi chenye unga mweupe, akakishika kidogo kabla ya kumpa. "Iweke mbali na watoto, mama. Hii haina ladha. Mtu hajui kama ameila."

Siku ileile bibi alipika mkate wa kumimina, wenye tui la kutosha na iliki, maana wageni wetu walikuwa wajuzi wa mapishi. Kipande kimoja alikitia ule unga, akakiweka katika sahani ya bati juu ya rafu ya ukumbini, apate kukigawa kwenye matundu jioni. Mara tukaletewa habari ya msiba Ilala. Ikabidi nyumba nzima iende, isipokuwa mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye alikuwa ameletwa kutoka Kilwa wiki ileile, bado na hina mikononi.

"Mwanangu," bibi alimwambia akiwa mlangoni, "kilicho kwenye sahani ya bati ni cha wageni. Usikiguse."

"Haya, mama."

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumfundisha lugha ya nyumba.

Tuliporudi alasiri mama mdogo alitupokea amechangamka, kama bi harusi aliyeachiwa nyumba kwa mara ya kwanza na haijaungua.

"Mama, mmepishana na mgeni."

"Ametokea mchana huu?" bibi aliuliza, akitundika baibui. "Mmoja tu?"

"Mmoja. Mzee, tena anachechemea."

Bibi alicheka. "Namjua. Ndiye yule niliyembana na mlango."

Mama mdogo alimtazama asimwelewe. "Umembana na mlango, mama?"

"Na tena nitambana. Cha wageni amekula?"

"Nilimwekea, nikaenda bombani kuchota maji ya kunawa. Niliporudi sahani tupu, naye ameshatoka. Lakini alisema anavuka Magogoni, Ijumaa atarudi."

"Nani alisema?"

Juu ya boriti kitu kilipita kikikwaruza, kikasimama.

Habari yote ilitoka kwa vipande, na mama mdogo aliirudia mara nyingi sana hata nikaishika kama mtu aliyekuwepo. Mzee alikuja adhuhuri. Alikuwa na blanketi la kijivu begani, la aina waliyopewa wapagazi, na mguu mmoja haukukunjika. Alipiga hodi, akauliza kama hapa ndipo, akatazama mlango muda mrefu. Kisha akasema, "Nina salamu za mwenye nyumba." Mama mdogo, aliyedhani mwenye nyumba ni baba, alimkaribisha. Kwao, kama kwetu, nyumba yenye heshima huwa na chakula kilichowekwa akiba kwa ajili ya mgeni, na mkwe amemwambia kiko wapi.

"Jina lake?" bibi aliuliza.

"Mama," alijibu mama mdogo, "mtu anaulizwa jina hajala?"

Alikuwa sawa. Kwetu pia mgeni hahojiwi na njaa yake.

Baba na baba mdogo walikimbia mpaka Magogoni. Wavushaji walikuwa wamevusha wazee wengi, na wazee wote wanachechemea. Walivuka mpaka Kigamboni, wakauliza misikitini na visimani. Mwarabu alikuwa amewaambia kwamba aliyekula kitu kile hushikwa na kiu kali, kwa hiyo walikuwa wakiuliza watu, "Mmemwona mzee anayekunywa maji sana?" Watu wakawaona ni wendawazimu. Hakuna mzee wa namna hiyo aliyekuwa amefika, wala aliyezikwa.

Ijumaa bibi aliketi barazani tangu asubuhi. Hakuja mtu.

Sasa kukawa na tumaini moja. Sahani ilikuwa imekutwa tupu, lakini wakati mama mdogo yuko bombani ukumbi ulibaki wazi. Huenda mzee alikaa kidogo, akakumbuka safari yake, akaondoka bila kuonja, na panya wakateremka kumaliza. Kama ni hivyo, basi panya amekufa mahali fulani ndani ya nyumba. Nasi tuliokuwa tukiwalaani kila siku tukaanza kumtafuta maiti mmoja wa panya kama watu waliopoteza pete. Baba alibomoa udongo wa ukuta penye matundu. Baba mdogo alipanda paani. Mimi nilitumwa chini ya vitanda kwa kuwa nilikuwa na mwili wa kupita. Tulisimama katikati ya ukumbi tukivuta pumzi, tukiomba uvundo. Hatukupata ila harufu ya vitunguu kutoka sokoni.

Bibi aliacha kula. Kila aliposhika tonge aliligeuza, akalitazama, akalirudisha. Usoni alizidi kuwa mdogo. Siku moja nilimsikia akisema peke yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili, "Alinitumia salamu, nami nikazijibu hivyo."

Baada ya hapo, asubuhi moja, mama mdogo alipiga ukelele kutoka stoo. Nyuma ya mtungi wa mchele alikuwa amelala panya.

Tulijaa mlangoni wote. Bibi alitusogeza kwa kiwiko, akaingia. Alimwinua kwa mkia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wengine, na niliona kichwa cha yule panya kikining'inia vibaya, shingo imekunjika kama ufito uliovunjwa. Bibi naye alikiona. Alikitazama, kisha akamtazama mama mdogo, na hina iliyokuwa ikififia katika vidole vyake. Halafu akamfunika panya kwa upindo wa kanga yake kabla baba hajasogea.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sumu ya Mwarabu ni kali. Mwanangu, umenitua mzigo."

Alikwenda kumzika mwenyewe uani, kwa jembe, na shimo lilikuwa refu kuliko haja.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Bibi alitangaza kwamba mgeni yu hai, kwa hiyo atarudi, na akirudi asikute aibu. Sumu haikuingia tena. Kwanza, panya waliitwa panya. "Panya," alisema akitazama juu, wazi, bila kuogopa kisasi, "mmekwisha." Kila tundu lilijazwa vigae vya chupa, likakandikwa udongo mzito juu yake. Unga na mchele vilihamia kwenye madebe yenye vifuniko, na juu ya kifuniko jiwe. Samaki mkavu alitundikwa kwa waya uliopitishwa katika kifuu cha nazi kilichopinduliwa, panya akishuka na waya anafika kwenye kifuu anateleza. Kuni zilizoegemezwa ukutani zilisogezwa mbali, takataka zikachomwa kabla ya magharibi, vyombo havikulala vichafu. Alikwenda kwa Mhindi akaazima mtego wa waya. Waliomo ndani yake hakuwatembeza popote. Kulikuwa na pipa la maji. Bwana afya alipopita tena alisimama ukumbini akasema hajaona nyumba kama hii mtaani.

Na kila adhuhuri, saa ya yule mzee, alipakua sahani ya mgeni. Alionja yeye kwanza, mbele ya macho yetu, akangoja kidogo, ndipo akaifunika kwa kawa na kuiacha ukumbini, mlango wa mbele wazi, mpaka alasiri.

Siku za mwanzo, kabla panya hawajaisha, kawa lilikutwa limesogezwa na wali umepungua pembeni. Bibi aliiinua sahani, akaitazama, akasema, "Amekula." Hakuna aliyethubutu kumuuliza ni nani.

Miaka mingi baadaye, siku tulipotoka kumzika bibi, mama mdogo alinivuta kando uani. Alikuwa mtu mzima sasa, na wakwe zake mwenyewe. "Yule panya," aliniambia, "nilimtoa kwenye mtego wa mwuza mchele sokoni. Nilimleta kwenye kikapu, chini ya mchicha. Nisingefanya hivyo angekufa mwaka ule." Akafuta macho. "Namshukuru Mungu amekwenda asijue."

Nilimwambia ni kweli, hakujua.

Wasomaji wangu wengine huniandikia kuniuliza njia ya kuwaondoa panya bila sumu, wakidhani mtu aliyesoma atakuwa na siri. Ninayoijua ni ile ya bibi, na inafaa. Kabla mvua kubwa za mwaka ule hazijaisha, boriti zetu zilinyamaza. Ukisimama ukumbini mchana ulisikia makuti tu, na kule nje miguu ya wapita njia, na bibi akigeuza kichwa kila mguu mmoja ulipoburuzwa. Adhuhuri alipakua, alionja, alifunika. Alasiri alifunua. Wali ulikuwa vilevile, alama ya mwiko bado juu yake, hakuna punje iliyoguswa, siku ile na siku zote zilizofuata.