Gogogo Wanane na Maji Matupu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi nilipanda kutoka Rusumo hadi kwetu Keza nyuma ya pikipiki, nimekumbatia ndoo yenye gogogo wanane, wale samaki wa mtoni wenye miiba. Kwa kuwa nawe leo umekuja na ndoo kama ile, mwanangu, keti kwanza.

Mama yangu alikuwa amepooza miguu, mwaka wa pili kitandani. Dirisha lake lilitazama ukuta, kwa hiyo nilimwekea tangi la kioo lenye samaki sita. Akawapa majina ya shangazi zake, akawa anawagombeza mchana kutwa. "Huyu mvivu," alikuwa akisema, "anakula kama Veronika." Hao ndio waliokuwa wamebaki wa kuzungumza naye, mimi nilikuwa kazini mpakani.

Gogogo nilipewa na mvuvi wa Rusumo, mzee Sebastiani. Aliwatega kwa mgono, ule mtego wa kusukwa, maana wavuni miiba yao hunasa na kuvunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikiliza. Hawa ni wa mtoni, hujui wamebeba nini. Waweke peke yao mwezi mzima. Na leo wasile."

Nikacheka. "Mgeni kwetu ashinde njaa, mzee? Keza nzima itanisema."

"Basi wapikie na ndizi kabisa," akasema, akanipa mgongo.

Kwetu, unajua mwenyewe, mgeni hajakaa sawasawa ameshawekewa kitu mbele yake. Nikawamimina gogogo tangini pamoja na maji yao ya mto, nikawatupia konzi mbili za unga wa dagaa. Hawakugusa. Walijibanza pembeni, unga ukaoza, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Nikaongeza ya bomba palepale, nikidhani nasafisha.

Siku ya tano Mama akaniita. "Baba, Veronika anajikuna kwenye jiwe."

Nikainama. Vidoti vyeupe kama chembe za chumvi vilikuwa vimewaenea wote, wageni na wenyeji. Nikamwambia watapona. Jumapili ya pili hakuna aliyekuwa hai.

Nilitaka kuliondoa tangi. "Liache," akasema. "Nitatazama maji." Akayatazama miezi mitatu bila kumgombeza yeyote, hadi tulipomzika.

Mzee Sebastiani alikuja msibani. Aliliona tangi, akaniambia taratibu, "Nilikupa samaki na nilikupa maneno. Wewe ukachukua samaki." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilibaki zima, mwanangu. Aliyevunjika ni mama.

Kwa hiyo chukua maneno kwanza. Gogogo wako watafutie beseni lao, mbali na samaki ulionao, na usitumie kitambaa wala kijiko kimoja kwa wote. Maji ya bomba yalaze siku mbili wazi, kisha waongezee kikombe kwa kikombe wayazoee. Waweke mahali penye kivuli, na chungu kilichovunjika wajifiche. Samaki wa mtoni akikosa pa kujificha hufa kwa woga. Leo usiwalishe. Kesho jioni wape kidogo sana, na asubuhi ondoa kilichobaki. Watazame mwezi mzima: tumbo lililobonyea, mapezi yaliyochakaa, vidoti. Ukarimu wa samaki mgeni ni kumwacha apumue.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie subira niliyoikosa, na nyumbani kwako asiwepo wa kutazama maji matupu.