Nilibadilisha oili ya giaboksi, nikaenda kuposa nikinuka papa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mwenye chai amimine, mwenye usingizi akalale, huu uzi si wa kusinziliwa. Ninayosema yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Na kama kuna mtu wa Kismayo humu akaitambua gari, nakuomba ndugu yangu, nyamaza.

Nina vani kuukuu. Rangi ilikuwa nyeupe zamani. Mlango wa pembeni unafunguka kwa kuubembeleza, na hii chumvi ya pwani imeshaila bodi mpaka basi. Lakini inanilisha. Nabeba watu na mizigo yao ya soko.

Niliinunua kwa sababu ya binti mmoja, tumwite Nasra.

Mimi ni Mbajuni wa kisiwa cha Koyama, kwetu kazi ni samaki na kuunda mashua. Nilipomtaka Nasra mara ya kwanza, mama yake, anayeuza vitambaa hapa mjini, alinipa jibu moja tu: "Mwanangu haingii nyumba inayonuka papa."

Basi nikaacha bahari, nikashika usukani. Nikanunua na sabuni za maana. Baada ya muda Nasra akaniambia mama amelegea kidogo, walete watu wa kwenu waje kuposa. Akaniambia pia, hii ndiyo nafasi ya mwisho, maana kuna mwingine anabisha hodi.

Sasa tatizo likawa vani. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Unaiweka, inatoka, giaboksi inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Nikajiona nimekwama njiani na mama yangu na shangazi zangu wamevaa vizuri, wananisukuma. Nikasema hapana, asubuhi ya siku ile ile nikaipeleka kwa fundi Omari.

Omari alikuwa na mafua makali, pua imeziba kabisa. Hilo la pua lishikeni.

Ngoja niwape faida kidogo hapa, wale mnaopenda kujishikia spana wenyewe. Oili ya giaboksi usianze kwa kufungua nati ya chini. Anza na ile ya pembeni ya kujazia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari yako imekuwa kibanda cha kuku. Omari alinionyesha hilo, tukafungua zote mbili, oili ikatoka nyeusi na vumbi la chuma ndani.

Akaniambia kwa sauti ya puani, "Usiniletee oili yoyote tu. Leta mafuta yenye sifa."

Mimi gari iko juu ya mawe, siwezi kutoka. Nikamkumbuka ami yangu Bakari, ndugu wa baba. Alikuwa mjini akitengeneza mashua ya mtu pale ufukweni, karibu na maduka ya spea. Nikamtumia voisi: "Ami, nipatie mafuta ya giaboksi, yawe na sifa, lita tatu, nina haraka."

Wakuu, hapo ndipo nilipojichongea.

Kwa asiyejua: kwetu sifa si zile za kusifiwa peke yake. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Mashua hupakwa sifa ili mbao zisiliwe na wadudu. Ni mazito, yana rangi ya kahawia, na harufu yake, astaghfirullah, mgeni anaweza kuhama mtaa.

Ami Bakari anasikiliza voisi huku vijana wanagonga misumari pembeni. Giaboksi hakuisikia. Alisikia mafuta, sifa, lita tatu, haraka. Kwa muunda mashua hiyo sentensi imekamilika, haina swali.

Akajibu, "Haya, nakuletea mazuri." Dumu likaja na bajaji.

Mtaniuliza, na wewe hukusikia harufu? Jamani, mimi nimetambaa chini ya mashua kabla sijajua kutembea. Pua yangu haiijui sifa kuwa ni harufu, inaijua kuwa ni hewa. Omari ndiyo hivyo tena, pua haipo. Akayatazama mafuta, akayasugua kwa vidole, akasema mazito haya, mazuri. Tukayasukuma ndani kwa mpira mpaka yakaanza kuchuruzika kwenye nati ya kujazia, tukafunga.

Na wallahi gia ziliingia! Ya tatu imekaa kimya, laini kama halua ya moto. Nilimpa Omari mkono mara mbili.

Alasiri nikawapakia mama na shangazi zangu wawili, Mwanaesha na Fatuma. Wamejifukiza udi, wamefunga vioo vumbi lisiwaingie.

Nyumbani kwa kina Nasra ni upande wa pili wa mji. Mwendo wa kutosha giaboksi kuchemka. Na pale kwenye mkono wa gia mpira umechanika siku nyingi, chochote kinachopikwa chini kinapanda juu.

Shangazi Mwanaesha ndiye aliyeanza. "Fatuma, umekaanga nini leo?"

"Mimi? Jinuse wewe kwanza!"

Wakanusana mabuibui mpaka wakawa wamenuniana. Mama yangu yeye ananitazama kwenye kioo kwa jicho ninalolijua tangu utotoni. Hapo nikalikumbuka lile dumu. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Kurudi hakuna, mlango wa kina Nasra huo hapo.

Nikasimama. Nati ya chini ilikuwa inavuja kidogo, paka wa mtaa wakaanza kujipanga chini ya gari.

Mama Nasra akatoka kuwapokea wageni. Akapiga hatua mbili, akasimama, pua juu. Mimi nimeinama nyuma ya usukani najifanya nasoma simu, na simu imezimika.

Akauliza, "Hii sifa yatoka wapi?"

Shangazi Fatuma, Mungu amweke, akadhani posa imeshaanza. Akapokea kwa sauti ya harusi: "Sifa zake nyingi, dada yangu! Anaswali, hatafuni mirungi, mama yake hajapata kumsikia akipandisha sauti!"

"Nauliza iliyo kwenye gari."

"Na gari ni lake mwenyewe!"

Nikasema moyoni, kwaheri Nasra.

Mama Nasra akaja mpaka dirishani kwangu. Akainama, akavuta pumzi. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kushika mlango wa gari, machozi yanamtoka. Ikawa sijui tena kama ni kicheko au kilio. Akasema baba yake alikuwa akiunda mashua kisiwani Kudhaa, na tangu wamzike hajaisikia harufu hii. Alikuwa akiikimbia, kumbe alikuwa na hamu nayo.

Akawageukia shangazi zangu. "Ingieni. Mchu huyu msimsifu tena, amekuja na sifa zake mwenyewe."

Mchu kwetu ni mtu. Nasra sasa ni mke wangu.

Funzo langu ni dogo: oili itaje kwa namba zake zilizo kwenye kopo, na usiagize kwa ami muunda mashua. Giaboksi nimeimwaga na kuisafisha mara kadhaa, oili sasa ni ya dukani, lakini harufu imekataa kuhama. Abiria wananuna. Mama mkwe yeye, kila akipanda, anawahamisha watu wote ili akae mbele, karibu na mkono wa gia.

Mwenye dawa ya kuitoa hii harufu aiweke hapa chini tuijadili. Ila msiharakishe, mama mkwe ameniapia nikiitoa anamchukua mwanawe.