Wana Kiu, Baba Askofu

Siku yangu ya kwanza ya kazi, pale Garissa, Padri Msimamizi alinikalisha kwenye ngazi za kanisa akaniambia kazi ya katekista ni mbili. "Utawafundisha wakatekumeni, yaani wale wanaojiandaa kubatizwa. Halafu siku yenyewe utaulizwa mbele ya watu: hawa wanastahili? Ukisema ndiyo, umeapa. Usiape kwa kumfurahisha padri."

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo, shikeni hilo. Mimi niliishia darasa la saba huko kwetu Mwingi, na mengine ninayoandika hapa huenda nayakosea. Hilo silikosei.

Baadaye nikahamishiwa Modogashe, kwenye njia panda ya malori yaendayo Isiolo. Mkuu wa kituo alikuwa padri mwingine, na sitaki asemwe vibaya. Kisima cha jenereta ni yeye aliyekihangaikia mpaka maji yakatoka, na gari lake lilibeba wajawazito wa Kiislamu bila kuuliza dini. Lakini ukame ulipokaza alinijia na agizo: mfereji usifunguliwe mpaka wafugaji waketi kwanza wasikilize somo.

"Padri, hapa mwenye kiu hunyweshwa kwanza, ndipo anaulizwa ukoo wake."

"Somo fupi halimuui mtu, Mwalimu."

Nikafundisha. Waliketi kwa adabu kivulini mwa tangi, ngamia wakilia nyuma yao, wakaikariri Baba Yetu upesi kuliko watoto wa misheni. Watu waliohifadhi Kurani tangu utotoni, sala fupi itawashinda? Mchokozi wao alikuwa Mzee Gedi, mwenye ndevu za hina.

"Mwalimu, sisi tumesoma. Sasa ngamia yangu na yeye asome Baba Yetu? Fungua bampu ya maji, walaal, ndugu yangu!"

Kicheko kikavuma, hata Padri akacheka. Kisha akatangaza kwamba Gedi na wenzake watabatizwa Askofu atakapozuru.

Jioni ile Gedi alinivuta shati pale kwenye hori la kunyweshea. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Niambie haki ya Mungu. Nikikataa, bampu itafungwa?"

"Sijui, Mzee."

"Basi nitakubali. Mnyama akikufa, mtoto anafuata. Lakini ndugu zangu hawatakula na mimi tena. Wallahi, hata kaburi nitakosa."

Nilimweleza Padri. Akasema neema huingia kwa mlango wowote. Huenda ni kweli. Yeye alisomea mambo ya Mungu miaka mingi, mimi sikusoma. Nilijiuliza sana kama ninawazuilia watu mbingu. Bado najiuliza.

Siku ikafika. Beseni la maji liko mezani, Gedi na wenzake wamesimama mstari mmoja, macho chini. Askofu akauliza, "Mwalimu, hawa wanastahili?"

Nikasimama.

"Wana kiu, Baba Askofu."

"Sijakuuliza hilo."

"Ndilo ninaloweza kuapa."

Askofu akamgeukia Padri, wakanong'onezana. Kisha akasema, "Fungueni maji. Kuanzia leo yasifungiwe mtu. Anayetaka kubatizwa atarudi akishanywesha."

Wakatoka wote. Hakurudi hata mmoja.

"Umeniaibisha," Padri akaniambia.

"Nimekuaibisha, Padri. Kukudanganya, sikukudanganya."

Haukupita muda nikawa juu ya lori kwenda Hadado, mahali pasipo na kanisa, nikifundisha familia za askari na walimu wa serikali katika darasa la kuazima. Wengine waliuita uhamisho huo adhabu. Pengine ilikuwa adhabu. Niliota mvi huko.

Ila kulikuwa na mama muuza chai kule Modogashe, asiye na hata mbuzi, ambaye siku zile za somo alisikiliza huku akiosha vikombe. Maji yalipokuwa ya kila mtu, ndipo alipoanza kuuliza maswali. Aliuliza kwa miaka. Jina lake silitaji, ana jamaa. Alipokuwa tayari, Padri yule yule alinitumia gari Hadado nije niulizwe. Nikajibu "Anastahili!" mpaka mbuzi wa nje wakashtuka. Padri alinishika mkono, akakawia kuuachia.

Sasa nimestaafu, nakaa Garissa, na makatekista wapya huniuliza niliwaongoa wangapi. Yule mama alikuja kwa miguu yake, kwa hiyo pengine hakuna. Wapo wanaosema nilipasua wavu ukiwa umejaa samaki. Waseme. Nirudisheni leo mbele ya beseni lile, nitajibu vile vile.

Gedi bado hunipigia simu kila mvua zikikawia. Uzee haujamnyamazisha.

"Mwalimu! Ngamia yangu mpaka leo hajui Baba Yetu."

Namjibu, "Mnyweshe tu, Mzee."