Jeni za Moyo

Mimi na mdomo wangu! Binti wa mdogo wangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nasomea shahada ya pili ya baiolojia, nikamwambia mdogo wangu, "Tulia. Natafuta jeni zinazoujenga moyo."

Na kweli nilikuwa nazitafuta. Ilikuwa miaka ya soko huria, intaneti imefika Masasi kwenye duka la mfanyabiashara mmoja aliyeuza pia salfa ya kupulizia mikorosho. Kila wiki nilishuka kutoka Newala, nikafungua hifadhidata za watafiti wa ng'ambo na kupekua maelfu ya jeni ambazo hakuna aliyejua kazi yake. Nilibakiza zile zinazoamka wakati moyo wa panya unaumbika tumboni, kisha nikaangalia kama binadamu naye anazo. Nilizinakili kwenye daftari kwa mkono, maana umeme ukikatika kila kitu kinapotea. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Wallahi, hakuna hata moja ambayo ingemtibu mtoto yule. Ilikuwa kazi ya kujua tu, tena ya miaka na miaka. Hilo sikumwambia mdogo wangu. Kila nilipopita kwake Mnyambe alinipokea begi, "Shikamoo dada. Umefikia wapi?" Nami najibu, "Marahaba. Zimebaki chache." Ovyo kabisa!

Siku moja nikamkuta mtoto mkekani, midomo ya bluu, anahema kwa shida.

"Hospitali kubwa wamesemaje?"

"Hatujaenda."

Akafungua fundo la kanga, akatoa barua ya rufaa. Daktari alikuwa ameiandika miezi minne nyuma: apelekwe Dar mara moja. Nikampigia kelele, una wazimu wewe?

Kwetu, mgonjwa akishawekwa mikononi mwa mganga mmoja, hapelekwi kwa mwingine mpaka yule wa kwanza aruhusu. Nimekulia humo, najua. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mganga ni mimi.

"Dada," akasema taratibu, "tulikuwa tunakusubiri uturuhusu."

Niliwaruhusu palepale, nikilia kwa sauti. Kesho yake tukapanda basi la kwanza. Mtoto alikata roho kabla basi halijafika hata Nanganga, Dar bado mbali. Mdogo wangu hakulia. Alinigeukia mimi, nimwambie la kufanya.