Mbili Zilizozidi

Mume wangu alifundisha hesabu miaka mingi hapa Kabambare, na mshahara wake ulikuwa unakuja unapotaka wenyewe. Zamu yangu ya kupokea mchango wa likelemba ilipofika, akina mama wenzangu wakanikabidhi fungu lote, nasi tukaongeza pesa za mpunga tuliouza. Yeye alikuwa amekwisha kata shauri: tununue pikipiki, aache chaki, abebe mizigo kwenda Kasongo. Mimi nilitaka mashine ya kusaga mihogo. Tukabishana wiki nzima. Mimi nikikasirika sipigi kelele, napiga masufuria, na wiki ile majirani walinisikia vizuri.

Sababu yangu ilikuwa moja tu, na sikuisema. Kaka yangu alikuwa mtu wa pikipiki. Walimleta kutoka njia ya Lusangi kwenye machela, amefunikwa kitenge mpaka usoni. Nampenda huyu mwalimu wangu kupita kiasi, nami sikutaka kumpokea namna ile.

Basi nikaomba tuamue kwa karatasi, siyo kwa mdomo. Kasongo nilikuwa nimehudhuria semina ya wafanyabiashara wadogo, wakatufundisha mti wa maamuzi. Unachora shina, kila biashara inakuwa tawi, na kila tawi linatoa vijitawi viwili: mambo yakienda vizuri, mambo yakiharibika. Kila kijitawi unakipa namba: katika mara kumi, hili litatokea mara ngapi? Unazidisha na faida au hasara, unajumlisha, na tawi lenye jumla kubwa ndilo unalolifuata.

Nikauchora kwenye daftari lake, naye akachungulia begani kwangu.

"Huu muti mbona umelala? Iko muti ao iko kuni?"

"Nyamaza, weye. Ndivyo unavyochorwa."

Alipoondoka, mashine niliipa namba za haki. Kwa pikipiki nikaandika vizuri saba, vibaya tatu, nikapiga hesabu, na pikipiki ikashinda. Ikashinda mbali! Nikaitazama ile tatu. Nikaifuta, nikaandika tano. Nikapiga hesabu upya, mashine ikapita kwa kidogo. Nikampelekea karatasi nimekunja uso, asishuku kitu.

Aliisoma muda mrefu, biki nyekundu mkononi, kama anasahihisha mtihani. Kisha akaandika chini yake: 10/10.

"Mashine," akasema. "Muti umesema."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa furaha na kwa aibu.

Mashine ile imetutesa, nisidanganye tena. Mara mkanda umekatika, mara mazutu ya kuiendesha hakuna mji mzima. Mwaka huu, siku ya soko, ilizimika wakati wamama wamepanga mabeseni yao mpaka barabarani. Mwalimu alikuwa amepiga magoti chini yake, unga mpaka kwenye kope. Pikipiki moja ikapita imejaa mizigo, inanguruma, na nikamwona ameacha kazi anaitazama mpaka ikapotea. Roho iliniuma. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, nilikudanganya. Kwenye ule mti, ile tano ya pikipiki ilikuwa tatu."

Akarudia kufungua nati zake. "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Uliweka tano, ukasahau kupunguza saba. Vijitawi vinatakiwa kufika kumi. Vyako vilifika kumi na mbili. Mimi na hesabu miaka yote ile, nishindwe kuona?"

"Aka! Na ukanipa kumi kwa kumi? Kwa nini hukusema?"

Akajifuta uso kwa kiwiko, akazidi kujipaka unga.

"Nilijiuliza hizo mbili zilizozidi zimetoka wapi. Halafu nikamukumbuka kaka yako." Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Niletee mukanda, watu wanangoja."

Nikampa mkanda, lakini mkono wake sikuuachia, na wamama wote wakitutazama.