Jina la Maman kwenye Orodha ya Komini

Mimi sijui kukaa. Wenzangu kazini husema hata chai nainywa nikiwa nimesimama, na ni kweli. Ila tangu siku ile maji ya mvua yalipoingia chini ya jengo letu na kuua umeme, ndipo nilipokosa utulivu kabisa. Maman, mama yangu mzazi, anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mrija mwembamba unatoka kwenye mashine hadi puani mwake, na mashine inataka umeme usiku na mchana. Tunaishi wawili, ghorofa ya saba. Lifti ilikufa, na chupa ya oksijeni ya akiba ilikuwa na saa chache tu. Nilipiga simu ya dharura. Sauti ya upole ikaniuliza kama mgonjwa ameandikishwa komini, yaani kwenye ofisi ya meya wa mtaa wetu. Hata sikujua kama kuna kuandikishwa kwa namna hiyo. Umeme ulirudi chupa ikikaribia kuisha, lakini roho yangu haikutulia tena.

Nafanya kazi Jette, hospitalini, nasukuma vitanda. Huko niliwauliza wanaojua mambo hayo. Wakanieleza kwamba katika nchi hii tuliyokimbilia, janga lina ngazi zake. Kwanza ni meya na watu wake. Likimshinda, wanalichukua wakubwa wa jiji, halafu serikali ya nchi nzima. Zimamoto, madaktari, polisi, kila mmoja kazi yake imeandikwa kabla hata moto haujawaka. Na komini yetu ilikuwa na orodha ya watu wasioweza kushuka ngazi wenyewe: jina, ghorofa, ugonjwa. Umeme ukikatika, hao ndio wanaofuatwa kwanza. Niliomba fomu siku hiyohiyo.

Maman alikataa.

"Jina yangu haitaingia ku karatasi ya serikali," alisema, akaendelea kuchambua maharagi.

"Maman, hapa si kule. Hapa wanakuandika ili waje kukubeba."

"Na kule, kwani walikuja kufanya nini? Walikuja kubeba."

Nilijua anachosema. Kule Kivu tulikotoka, watu wenye bunduki walisimama mbele ya nyumba zetu na karatasi mkononi, wakasoma majina. Papa, baba yangu, aliitika lake, akaenda nao, hakurudi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua, na bado nilikasirika, maana hasira ni rahisi kwangu kuliko kungoja. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamletea makayabu kutoka maduka ya watu wa kwetu, barabara ya Chaussée de Wavre, yule samaki wa chumvi anayempenda. Maman akamla samaki, fomu hakuigusa.

Bon, nikachoka. Asubuhi moja ndani ya basi niliiweka fomu juu ya goti, nikaijaza, nikatia sahihi yake kwa mkono wangu. Nilijiambia ni uongo mdogo, wa kumwokoa. Kila jioni baada ya hapo nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza kama amemeza dawa. Kitandani nilikuwa nikijigeuza tu. Niliona aibu, nikaona pia kwamba nina haki, na hivyo viwili havilali pamoja.

Siku moja, kabla ya saa sita mchana, jirani wa mlango wa pili alinipigia simu kazini. Alisema watu wawili wa komini, wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa, walikuja kuhakiki orodha yao. Walibisha kwetu, wakasoma jina la Maman kwa sauti kutoka kwenye karatasi, hakuna aliyefungua, wakaenda zao. Alitaka kujua kama Maman amelazwa.

Maman hakuwa amelazwa. Niliondoka na sare ya kazi mwilini. Kutoka Jette hadi kwetu ni kuvuka mji mzima, na njia nzima nilipiga simu ya nyumbani, ikaita bila kupokelewa. Ndani ya metro nilitembea kutoka mlango hadi mlango mpaka mama mmoja akavuta mkoba wake karibu. Nilijilaani kwa lugha zote ninazozijua.

Nilipofungua mlango wetu, kulikuwa kimya. Ile mashine huvuma kutwa nzima, sasa haikuvuma. Nilimkuta bafuni, amekaa sakafuni nyuma ya mlango, bila mrija, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikuwa ameizima mashine mwenyewe, ili wale watu wasisikie kwamba ndani kuna mtu.

Nilimbeba hadi chumbani, nikawasha mashine, nikamrudishia mrija, nikapiga simu ya dharura huku nimemshikilia kifuani. Nililia, sifichi. Pumzi ilimrudia polepole. Alipoweza kusema, aliuliza jambo moja tu.

"Nani alibapatia jina yangu?"

Ningeweza kusema ni daktari. Ningeweza kusema ni kompyuta, angeamini.

"Ni mimi, Maman."

Alinitazama sana. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Hata kule," alisema, "mwenye kutoa majina alikuwa muntu wa ku nyumba."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia hilo. Sikuthubutu kuuliza ni nani. Watu wa ambulansi waliingia na vifaa vyao, na wa kwanza, kalamu mkononi, akaniuliza mgonjwa anaitwa nani. Nilimgeukia Maman, nikangoja aniruhusu.