Grupu la ukoo nililolizima sauti

Leo nimeenda Mazingara kumsalimia shangazi, nimekuta ameshazikwa. Wiki ya pili sasa.

Nimetoka Kilole na sukari kilo mbili na kanga mpya. Napiga hodi, anatoka binamu yangu Zaina. Hata mkono hanipi.

"Umefuata nini? Msiba si tulitangaza kwenye grupu la ukoo?"

Jamani. Lile grupu nililizima sauti! Kila kukicha picha za maua na "asubuhi njema", nikachoka. (Msinicheke, na nyie mmezima mangapi?)

Zamani msiba ukitokea, mtu alitumwa kwa baiskeli mpaka mlangoni kwako.

"Siku tunazika," Zaina akaniambia, "wewe ulikuwa unaposti picha za harusi kwenye status. Wote tuliziona."

Hakuna aliyenipigia. Walidhani nimesusa.

Sukari wamepokea. Kanga nimerudi nayo.

Sasa niko stendi, nasubiri gari. Nimelifungua grupu, nikapanda juu mpaka kabla ya msiba. Nikakuta sauti ya shangazi, sekunde tisa.

"Mwanahawa, mwanangu, upo? Mbona kimya?"

Nimemjibu palepale: "Nipo, shangazi. Shikamoo."

Simu yake imezimwa. Mpaka sasa ni tiki moja.